Watoto wa Mstari wa Mbele: Historia Fupi ya Malezi ya Imani, Kutoka Rabai Hadi Kwaya Yetu



Kamati ya Yubilei iliponiagiza niandike historia, najua wengi mlitarajia orodha ya wenyekiti, walimu wa kwaya na kanda tulizorekodi. Orodha hiyo ipo. Mtaikuta kurasa za mwisho za kijitabu hiki, na mwenyekiti ameipitia mara mbili ili asiachwe mtu. Lakini nilipokuwa nikipekua daftari za kumbukumbu katika kabati la vestri, picha moja ilianguka sakafuni. Ni ya kwaya ya watoto, imepigwa mbele ya mlango mkubwa siku ya Krismasi. Mimi niko mstari wa mbele, jino moja halipo, soksi moja imeshuka.

Nilihesabu. Tuko watoto 23. Nikachukua penseli na, kama kawaida ya mwalimu na rejista, nikaanza kuweka alama nyuma ya picha. Wanaoabudu hapa leo ni 5. Wanaoabudu makanisa mengine, kwa ninavyofahamu, ni 7. Waliolala katika Bwana ni 2. Waliobaki ni 9, na hao hawaendi kanisa lolote. Mmoja wa hao 9 ndiye aliyekuwa na sauti nzuri kutushinda sote. Wazee wa kwaya wanamkumbuka. Jina lake silitaji hapa.

Basi nikaamua kuandika historia ya jambo ambalo limetushughulisha kwa miaka 50 bila kuliandika katika daftari hata mara moja: imani ya mtoto hulelewaje, tangu akiwa mgongoni mwa mamake hadi anapopanda gari kwenda chuo? Waliotutangulia walifanya nini, walipatia wapi, na walikosea wapi?

Mwanzo wake ni nyumbani, na hilo Maandiko yanalionyesha wazi. Paulo anapomwandikia Timotheo anataja imani ya nyanyake, Loisi, kisha ya mamake, Eunike. Baba alikuwa Myunani. Yaani kijana aliyekuja kuwa mchungaji alitoka katika nyumba ambayo wazazi hawakuwa wa imani moja, na nyanya ndiye aliyeanza kazi. Nyanya wa kanisa hili wanaobeba wajukuu hadi benchi ya nyuma kila Jumapili wasidhani wanasaidia tu kulea. Wamo katika Agano Jipya kwa majina.

Na wale mama wanaolia kwa sababu ya mtoto aliyepotea, historia ya Afrika ina mfano wao. Agostino alizaliwa mwaka 354 mjini Thagaste, katika nchi tunayoiita leo Algeria. Mamake, Monika, alimtia chumvi ya wakatekumeni akiwa mchanga na akamfundisha jina la Kristo, lakini ubatizo uliahirishwa. Kijana akaenda zake: akakaa na mwanamke bila ndoa, akapata mtoto, akafuata dini ya Wamani kwa miaka mingi. Alibatizwa mwaka 387, akiwa na umri wa miaka 32. Monika alifariki mwaka huohuo. Nimewahi kuwasomea akina mama habari hii katika mkutano wao, na mmoja akauliza kwa sauti kwamba ikiwa ilimchukua Monika miaka yote hiyo, yeye na wa kwake aliyeko Eldoret wamebakiza mingapi. Tulicheka, lakini yeye hakucheka sana.

Kwa karne nyingi baada ya hapo mtoto wa kawaida hakufundishwa kwa mpango wowote. Alijifunza kwa kuona picha ukutani, kusikia kengele na kufuata wakubwa. Martin Luther alipozunguka kukagua parokia za Saksonia alikuta watu wazima wasiojua hata Baba Yetu. Mwaka 1529 akatoa Katekisimu Ndogo, maswali mafupi na majibu mafupi, na akawapa jukumu wenye nyumba, si makasisi peke yao: baba aketi na watoto na watumishi na awaulize. Mwaka 1549 Kitabu cha Sala cha Kiingereza kikaweka katekisimu yake, ya mtoto kujifunza kabla hajaletwa kwa askofu. Swali lake la kwanza kabisa ni jina la mtoto, na la pili ni nani aliyempa jina hilo. Kama mwalimu, napenda sana mwanzo huo. Mtoto haanzi na jambo asilolijua. Anaanza na jina lake mwenyewe.

Sande Skuli ilikuja baadaye sana, na haikuanza kama tunavyodhani. Mwaka 1780 Robert Raikes, mwenye gazeti mjini Gloucester, Uingereza, alikodi walimu wa kufundisha watoto maskini siku ya Jumapili. Watoto hao walifanya kazi viwandani siku sita kwa juma, kwa hiyo Jumapili ndiyo siku pekee waliyokuwa nayo. Walifundishwa kusoma, na kitabu cha kusomea kilikuwa Biblia. Wengine walikuwa wamejaribu jambo kama hilo kabla yake, kama Hannah Ball kule High Wycombe mwaka 1769, lakini Raikes alikuwa na gazeti, na mwenye gazeti husikika. Ilipofika miaka ya 1830 watoto zaidi ya milioni moja walikuwa katika shule hizo nchini Uingereza. Kumbukeni jambo hili: Sande Skuli ilikuwa shule kamili, na aliyetoka humo alitoka akijua kusoma. Siku hizi sisi tunaipa nusu saa na kalamu za rangi zilizokatika.

Sasa tuje kwetu.

Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Mwaka huohuo alimzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga wa kike upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa. Ninapopita Nyali huwa nawaza kwamba habari ya misheni katika nchi hii ilianza na kaburi la mtoto. Johannes Rebmann alimfuata mwaka 1846, na wote wawili wakajenga Rabai. Mwaka 1848 kijitabu chao kilichapishwa Bombay: sehemu moja ni ya kujifunza herufi za lugha ya Warabai, na sehemu nyingine ni tafsiri ya Katekisimu ya Heidelberg, ile ya mwaka 1563 yenye maswali 129. Herufi na imani ndani ya jalada moja. Ndiyo maana nyanya zetu wakasema "msomaji" wakimaanisha Mkristo. Kwao hayo yalikuwa neno moja.

Lakini kwa miaka mingi Rabai haikuzaa waumini wengi. Watu wazima walisikiliza kwa adabu wakarudi shambani. Maswali 129 yaliyotungwa kwa ajili ya vijana wa Ujerumani hayakuwa na mlango wa kuingilia katika kaya ya Mrabai. Nasema hivi bila kuwadharau wale wazee, ambao walifanya kazi kubwa ya lugha. Nasema kwa sababu nami nimesimama mbele ya watoto wa miaka 5 na somo lililoandikwa mbali, lenye picha za theluji.

Mavuno yalikuja kwa njia ambayo hakuna aliyeipanga. Meli za kivita za Uingereza zilikuwa zikikamata majahazi ya watumwa baharini. Ndani yake mlikuwa na watoto, na kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kuwarudisha, wengi walipelekwa India. Huko Sharanpur, karibu na Nasik, CMS ilikuwa na makao na shule. Watoto wa Kiafrika walijifunza useremala, uhunzi, kusoma, kuimba na Maandiko. Jacob Wainwright, mmoja wa vijana waliousafirisha mwili wa David Livingstone hadi pwani na aliyefuatana nao hadi Uingereza mwaka 1874, alisomea huko. Na huko pia walisomea wawili ambao kila kwaya ya Kianglikana nchini Kenya ingepaswa kuwajua: William Jones na Ishmael Semler.

Fikirini hali yao. Mtoto ameporwa kwao, ameuzwa, amewekwa chini ya jahazi. Hajui kama mamake yuko hai. Amepewa jina geni katika nchi geni. Mtoto kama huyo unamwambiaje kwamba Mungu ni Baba? Sidhani mtu alimshawishi kwa maneno. Alipewa kitanda, chakula, kazi ya mikono, mwalimu yuleyule kila asubuhi, na nyimbo za kuimba na wenzake. Hayo ndiyo aliyoyaelewa kwanza. Katekisimu ilifuata ikakuta nyumba tayari.

Jones na Semler walirudi Afrika Mashariki wakiwa vijana, wakawa walimu Rabai na pwani kabla Frere Town haijakuwapo. Mwaka 1885 Askofu James Hannington aliwapa ushemasi, nao wakawa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kupata daraja hiyo katika eneo hili. Miezi michache baadaye Jones alisafiri na Hannington kuelekea Uganda. Askofu aliuawa Busoga mwezi wa Oktoba 1885. Jones, ambaye alikuwa ameachwa nyuma na msafara mkubwa, ndiye aliyewaongoza waliosalia hadi Rabai. Mtoto aliyebebwa na jahazi sasa alibeba msafara mzima.

Frere Town yenyewe ilianzishwa na William Salter Price, ambaye alikuwa ametoka kulelea watoto Nasik. Yeye na wenzake walikuja mwaka 1874, na mwaka uliofuata makazi yakasimama ng'ambo ya Mombasa, yakapewa jina la Sir Bartle Frere. Kengele yake ingali pale Kengeleni, ingawa makondakta wa matatu wanaolitaja jina la kituo mara mia kwa siku huenda hawajawahi kuitazama. Watoto waliofunguliwa waliwekwa mabweni, wavulana upande huu, wasichana upande ule, wakasomeshwa, wakabatizwa, wakaozwa.

Hapa ni lazima niseme na lililokuwa baya, kwa sababu historia ya Yubilei isiwe ya kusifu tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 malalamiko juu ya viboko katika makazi hayo yalifika hadi London. Watu waliotolewa katika utumwa walichapwa katika jina la nidhamu ya Kikristo. Kuna wazee katika kanisa hili wanaokumbuka Sande Skuli ya fimbo, ambapo kukosea mstari wa kukariri kulikuwa na malipo. Wakati mwingine husimulia wakicheka. Mimi nimefundisha shule ya msingi kwa miaka 11, na naamini ninapojua kicheko cha kukumbuka furaha na kicheko cha kukumbuka maumivu.

Wakati hayo yakitendeka pwani yetu, ng'ambo watu walianza kuuliza swali jingine: je, mtoto ni mpagani mdogo anayesubiri kuokoka akiwa mkubwa, au tayari ni wa nyumba ya Mungu? Horace Bushnell, mchungaji wa Hartford, Marekani, alitoa kitabu mwaka 1847 akidai kwamba mtoto wa Wakristo anapaswa kukua akijiona Mkristo tangu mwanzo, asihitaji kupotea kwanza ndipo arudi. Wengi walimpinga vikali. Hata kwetu swali hilo lilikuja kwa nguvu wakati uamsho ulipoingia kutoka Rwanda katika miaka ya 1930. Wanandugu walisisitiza kila mtu atubu mwenyewe na atoe ushuhuda wake, na walikuwa na haki, maana kanisa lilikuwa limejaa watu waliobatizwa na kulala. Ila mtoto wa miaka 8 aliyelelewa katika nyumba ya wanandugu alisimama mbele ya mkutano akitafuta dhambi ya kuungama. Mama mmoja wa kwaya, ambaye sasa ana miaka zaidi ya 70, aliniambia kwamba alitunga yake. Alisema aliiba sukari, na hakuwa ameiba. Aliogopa kuwa peke yake asiye na ushuhuda.

Mwaka 1876 Mary Sumner, mke wa kasisi wa Old Alresford, Uingereza, alianza kuwakusanya akina mama wa parokia. Binti yake alikuwa amepata mtoto, naye akakumbuka jinsi yeye mwenyewe alivyoogopa alipopewa mtoto wa kwanza bila kujua la kufanya. Kutoka hofu hiyo ukatoka umoja ambao akina mama wetu wanauvalia sare hadi leo. Napenda kwamba ulianza kwa mama kukiri hajui.

Jambo ninalotaka walimu wa watoto walisome kwa makini ni hili linalofuata. Mwaka 1872, katika mkutano mkubwa wa Sande Skuli mjini Indianapolis, Marekani, ilikubaliwa kwamba kila Jumapili shule zote zitumie somo moja. Mtoto wa miaka 4, kijana wa 16 na babu wa 70 walisoma kifungu kilekile siku ileile. Mpango huo ulienea duniani pamoja na wamisionari. Uzuri wake ni kwamba familia nzima ilirudi nyumbani ikiongea jambo moja. Ubaya wake mwalimu yeyote anaujua. Ilichukua miaka 36 hadi, mwaka 1908, mkutano kama huo ulipokubali masomo ya madaraja, kila umri na lake. Kwa hiyo jambo tunaloliona la kawaida, yaani kugawa watoto kwa miaka yao, halina umri mkubwa. Katika kanisa letu lilifika majuzi tu. Daftari za kwaya zinaonyesha kwamba watoto wa kila umri walikaa darasa moja chini ya mwembe hadi mwembe huo ulipokatwa kujenga ukumbi.

Nilipokuwa chuo cha ualimu tulisoma Jean Piaget na jinsi mtoto anavyofikiri. Baadaye nilikutana na kitabu cha James Fowler cha mwaka 1981 kuhusu hatua za imani. Majina ya hatua zake ni mazito, lakini niliyafahamu mara moja kwa sababu niliwaona watoto wetu ndani yake. Mtoto wa miaka 3 hadi 7 anaishi kwa picha na hisia. Darasani kwangu mtoto mmoja alichora Mungu akiwa na joho jeupe na miwani, na nilipouliza, alikuwa amemchora kasisi wetu. Tusicheke. Kwa umri huo, kasisi akimkemea, Mungu amemkemea. Na tukimtisha kwa moto wa jehanamu, moto huo anauona usiku ukutani.

Kuanzia miaka 7 hadi 11 au 12 anataka habari kamili na haki kamili. Safina ilikuwa na urefu gani? Nani aliwasafishia wanyama? Kwa nini Esau hakurudishiwa baraka yake? Huu ndio umri wa kukariri, wa michezo ya Krismasi, wa kujua vitabu vyote 66 kwa mpangilio. Ndio pia umri ambao kwaya ya watoto inashika moto, kwa kuwa mtoto anataka kuwa wa kundi na kuvaa kama kundi. Kwa miaka 50 tumekuwa hodari sana katika umri huu. Picha yangu ni ya umri huu. Watoto 23, hakuna aliyekosa.

Kisha inakuja miaka 13, na hapo kanisa la Afrika Mashariki limejaribu mambo mengi. Mababu zetu wa makabila mengi hawakumwacha kijana wa umri huo avuke peke yake. Walimtenga, wakamfundisha, wakamrudisha akiwa na jina la mtu mzima na wenzake wa rika. Wamisionari wengi waliona hapo upagani tu. Mmoja aliyeona tofauti alikuwa Vincent Lucas wa misheni ya UMCA kule Masasi, kusini mwa Tanzania, ambaye alikuja kuwa askofu wa dayosisi hiyo mwaka 1926. Vijana wa Kikristo walikuwa wakienda jandoni kwa siri au wakidharauliwa na wenzao kwa kutokwenda. Lucas, pamoja na mapadre na wazee Waafrika, aliachia jando liendelee likiwa chini ya kanisa: makasisi wakiwapo, sala zikifungua na kufunga, mafundisho machafu yakiondolewa, na kurudi kwa vijana kukiwa sherehe ya kanisa na kijiji. Si wote walioridhika. Lakini alitambua kwamba kijana akivuka mto mkubwa wa maisha yake bila kanisa kuwapo, ng'ambo atafika na mtu mwingine.

Kwetu Kenya mambo yalikwenda kwa mgongano zaidi, hasa katika eneo la Kati mwaka 1929, juu ya tohara ya wasichana. Kanisa lilikuwa na haki kupinga ukeketaji, na lipinge hadi leo. Lakini baada ya kusema "msifanye", halikuwa na la kumpa yule binti badala yake: hapakuwa na siku yake, wala mafundisho ya wanawake wakubwa, wala kurudi kwa shangwe. Makanisa na shule za kujitegemea zilizaliwa katika ufa huo. Siku hizi makanisa mengi yana juma la mafunzo ya vijana wakati wa likizo ndefu, wavulana kwa wasichana, na nimefurahi kwamba parishi yetu imeanza, ingawa tunaendelea kulipa gharama kwa harambee na bado hatujapata mpango mzuri wa wasichana.

Kanisa lilichonacho kwa umri huo kwa karne nyingi ni kipaimara. Kinapaswa kuwa mlango wa kuingilia. Kwetu kimekuwa mlango wa kutokea. Askofu anakuja, picha zinapigwa, pilau inaliwa, na Jumapili inayofuata viti vyao ni vitupu. Kisha wanakwenda shule za bweni, na huko Mungu awabariki walimu wa PPI na vijana wa Christian Union wanaoshika kazi tuliyoiacha katikati.

Narudi kwa yule mwenye sauti.

Tulikuwa darasa moja la kipaimara. Alikuwa na miaka 14, na dadake mdogo alikuwa amekufa kwa malaria miezi mitatu kabla. Aliuliza kama kweli Mungu husikia, maana kanisa zima liliomba, na yeye mwenyewe aliimba kando ya kitanda. Mwalimu wetu, ambaye alikuwa mtu mwema na sasa ametangulia, alimwambia aketi na asimjaribu Mungu. Akaketi. Alipokea kipaimara pamoja nasi kwa sababu mamake alikuwa ameshanunua shati. Aliimba siku hiyo. Sikumsikia tena akiimba.

Kwa miaka mingi nilimlaumu yule mwalimu moyoni. Kisha, miaka minne iliyopita, nikiwa mimi ndiye mwalimu wa darasa hilo, msichana mmoja aliinua mkono akauliza jambo lililofanana na lile, kuhusu babake aliyepoteza kazi. Ilikuwa saa sita na nusu, ukumbi ulikuwa unangojewa na kikao cha harusi, nami nikamwambia tutaongea wiki ijayo. Wiki ijayo nilisahau. Hakukumbusha. Nililigundua jambo hili siku picha ilipoanguka, nikiwa na penseli mkononi.

Nilimtafuta msichana huyo. Yuko chuo Kisumu. Nilimpigia simu nikamwomba radhi, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, nilidhani hukusikia." Tumeongea mara tatu tangu hapo. Jibu la swali lake sina hadi leo, na nimemwambia hivyo. Anaendelea kupiga.

Kamati imekubali mambo mawili, yako katika kumbukumbu za kikao cha mwezi wa Machi. Kwaya ya watoto haitafungwa mtoto anapofika miaka 13 kama ilivyokuwa. Atapanda moja kwa moja kwenye safu ya vijana, na atakuwa na mkubwa mmoja wa kwaya aliyepewa jina lake, wa kumpigia simu hata akiwa bweni. La pili, dakika 20 za mwisho za darasa la kipaimara ni za maswali, na ukumbi hautapewa harusi kabla ya saa saba. Mwenyekiti wa kamati ya harusi hakufurahi.

Yule mwenye sauti nilimpelekea nakala ya picha kwa simu. Siku mbili hakujibu. Siku ya tatu aliandika kwamba ana binti wa miaka 6 anayeimba nyumba nzima hadi majirani wanalalamika, na akauliza ibada ya Yubilei inaanza saa ngapi. Nimemjibu saa tatu kamili, na kwamba watoto wanakaa mstari wa mbele.